Tulilipia ukaguzi wa usalama sehemu ya mizigo uwanja wa ndege, haya ndo maoni yangu baada ya miezi minne

Wakuu habari za kazi. Mimi ni kiongozi wa shifti upande wa mizigo kwenye uwanja wa ndege mmoja huku pwani, huu mwaka wa kumi na moja, nilianza kama mpakiaji wa kawaida tu. Mwaka huu kampuni ninayofanyia kazi ililipia ukaguzi wa usalama kwa watu binafsi, siku mbili za kukagua na moja ya mafunzo, na kwa vile kila nikikutana na watu wa mizigo wa viwanja vingine wananiuliza hizi huduma zina maana au ni kumwaga hela, nimeona niandike nilichokiona kwa macho yangu. Majina siweki, si ya uwanja si ya kampuni. Nyota nawapa nne kati ya tano, na hiyo moja nitasema imepotelea wapi.

Kwanza mjue tulikotoka. Wakaguzi wa kabla ya hawa (kampuni nyingine kabisa) walikuja saa nne asubuhi, muda ambao hakuna ndege, mkanda wa kusafirishia mizigo umezimwa, vijana wamekaa wanapiga stori. Wakanywa chai, wakazunguka na karatasi, kizima moto kipo tiki, reflekta zipo tiki, boksi la huduma ya kwanza lipo tiki, wakaondoka. Wiki tatu mbele kijana wetu mkono wa ovaroli ukavutwa na rola mwishoni mwa mkanda ule ule uliotikiwa, kidole kikaenda. Nilikaa naye chini nimemshikilia mkono juu mpaka gari la wagonjwa likaja, na tangu siku ile mtu akinitajia ukaguzi swali langu la kwanza ni mlikuja saa ngapi.

Hawa wa safari hii walikuja saa saba usiku. Ndo muda wetu mbaya, ndege tatu zinatua zimefuatana, mkanda umejaa, trakta zinapishana kwenye njia moja nyembamba, kila mtu anakimbia kwa sababu huko juu abiria wanasubiri na bosi anapiga simu. Kiongozi wao mama mmoja mtu mzima, vijana shikamoo mama, marahaba wanangu endeleeni na kazi mimi sipo. Na kweli alikaa pembeni karibu saa nzima anaangalia tu, hajaandika kitu. Hapo nikaanza kumuelewa.

Baadaye akaniomba tuisimamishe kazi dakika tano, akaenda kwenye ile kamba ya dharura inayopita ubavuni mwa mkanda, ile ukiivuta mkanda unatakiwa usimame pale pale. Akaivuta. Kamba ikaja yote mkononi imelegea kama ya kuanikia nguo, na mkanda unatembea. Tukaifuata mpaka mwisho tukakuta mtu kaizungushia waya kwenye nguzo. Mimi moyo ulinidunda maana nimepita pale kila siku na sikuwahi kuivuta hata mara moja. Sasa wengi hapo wangegomba, yeye akauliza kwa upole nani kaifunga na kwa nini, na fundi wetu wa usiku akasema ukweli, mama nimeifunga mimi, troli zikipita zinaigusa mkanda unazima kila baada ya dakika mbili tunatukanwa. Yule mama akasema basi ugonjwa si wewe, ugonjwa ni troli kupita karibu mno. Kwenye ripoti hakuandika fundi aadhibiwe, aliandika zichimbiwe nguzo fupi za chuma sakafuni troli isifike kwenye kamba, na rola ya mwisho iwekewe kifuniko ambacho hakitoki bila spana. Na mkanda ukiharibika fundi aweke kufuli lake kwenye swichi kuu na ufunguo akae nao mfukoni mwake, sio kupiga kelele tu "usiwashee" huku kelele zenyewe hazisikiki.

Kuhusu kelele alitupa kipimo ambacho hakihitaji mashine na mimi nakitumia mpaka leo: mtu akiwa mbali na wewe urefu wa mkono tu na inabidi upaze sauti ndo akusikie, hapo masikio yako yanaumia, vaa vifunika masikio.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni tumboni mwa ndege. Wengi hawajui, hizi Boeing 737 mzigo wake unapangwa begi moja moja kwa mkono, hakuna kontena, na ndani huwezi kusimama, unapiga magoti au unakaa kitako unamtupia mwenzio. Yule mama alipanda juu ya beltiloda, lile gari lenye mkanda wa kupandishia mizigo ndegeni, akaingia, akapiga magoti kwenye chuma kama sisi, akamwambia kijana wangu pakia unavyopakia siku zote usinionyeshe ya kwenye picha. Kijana akawa anageuza kiuno na begi mikononi, magoti hayasogei. Akamsimamisha akapima mabegi kwa mzani wa mkono aliokuja nao, moja likasoma kilo 29 na halina tagi ya "heavy". Utaratibu wa mashirika unajulikana, ikizidi 23 iwekwe tagi, ikizidi 32 begi lipunguzwe au liende kama kago. Kisha akatueleza kitu ambacho miaka yote sikuwahi kuambiwa, kwamba ile hesabu ya kunyanyua mizigo ya NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani, nayo inaanzia kilo 23, lakini hiyo 23 ni ya mtu aliyesimama vizuri, mzigo uko karibu na mwili, hageuki, hanyanyui mara nyingi. Ukigeuza kiuno inapungua, ukiunyanyua mbali na mwili inapungua tena, ukirudia shifti nzima inazidi kushuka. Sasa wewe umepiga magoti, umejipinda, begi la 29 na hujui ni la 29! Ndo maana wazee wetu wote wa mizigo wakifika miaka arobaini na kitu wanashika kiuno kila wakiinuka, tulidhani ni uzee jamani.

Siku ya mafunzo hakuleta video. Alitueleza ajali mbili za Marekani. Ya kwanza New Orleans Agosti 2022, dada wa miaka 26 anashusha mizigo, nywele zikanaswa na beltiloda, akafariki. Ya pili Montgomery, Alabama, tarehe 31 Desemba 2022, ndege imeshafika kwenye maegesho yake lakini injini moja bado inazunguka kwa sababu ile injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme ilikuwa mbovu, mfanyakazi wa rempu, yaani pale ndege zinapoegeshwa, akavutwa na injini. Mamlaka ya usalama kazini ya kwao ikaipiga faini kampuni dola 15,625. Ukumbi ulikuwa kimya. Kesho yake madada wenye rasta na mabutu walikuja nywele zimefungwa ndani ya kofia bila kuambiwa na mtu, kamba za vitambulisho shingoni zikatoka, na hakuna anayesogelea ndege taa nyekundu ya tumboni, ile ya kuonya kwamba injini bado zinafanya kazi, ikiwa bado inamulika.

Sasa hiyo nyota moja. Ripoti yao imeandikwa Kiingereza chote, kurasa nyingi, na wanaopakia mizigo ni watu wa Kiswahili. Nilikaa usiku mbili natafsiri mimi na dada wa ofisini ili tubandike ukutani. Mtu anayejua kuongea na fundi vile kwa nini aandikie mabosi peke yao? La pili moshi. Chumba chetu kiko chini, trakta ni za dizeli, mvua ikinyesha tunashusha mageti na moshi unabaki ndani mpaka macho yanawasha. Moshi wa dizeli IARC, lile shirika la saratani la WHO, waliutangaza tangu 2012 kwamba unasababisha saratani. Hawa hawakuja na kipima hewa, wakaandika mstari mmoja tu, "mzunguko wa hewa uboreshwe". Tumelipia halafu hicho ndo kitu tunachokivuta kila siku. La tatu kurudi kuangalia kama mmetekeleza ni malipo mengine, ulizeni hilo kabla hamjasaini.

Na mabosi wakiwaambia hii ni anasa, kwa sisi Tanzania sheria ya usalama na afya mahali pa kazi namba 5 ya 2003 inataka eneo la kazi lisajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wafanyakazi wawe na wawakilishi wao wa usalama, na watu wapimwe afya. Wakaguzi wa kulipia hawachukui nafasi ya wale wa serikali, wanakusaidia kuona kabla hawajafika.

Miezi minne sasa. Nguzo za chuma zimechimbiwa, kamba ya dharura naivuta mwenyewe kila mwanzo wa shifti na tunasaini kwenye daftari, kifuniko cha rola kipo. Magodoro ya magoti yamekuja pea kumi na mbili na sisi tuko thelathini na moja, tunapokezana, hapo bado nagombana na ofisi. Mabegi mazito yanakuja na tagi zaidi ya zamani ila kaunta wakizidiwa wanasahau tena, na yule kijana wetu aliyeumia kidole amerudi kazini, yuko kwenye skana.

Wanarudi mwezi ujao, ofisi imekubali kulipa. Nimeandika barua waje usiku wa mvua mageti yakiwa yameshushwa, na waje na kipima hewa.