Walinifutia simu nzima kwa barua nne zilizokwama

Si kawaida yangu kulalamikia huduma hadharani, lakini yaliyonipata katika kituo cha huduma cha kampuni iliyoniuzia simu, siku chache baada ya simu hiyo kupokea toleo jipya la mfumo, yamenikaa rohoni na hayataki kutoka.

Mimi hushona sare za shule, na riziki yangu kubwa huja mwanzoni mwa mwaka. Profoma zote, yaani ankara za bei za awali, huziandika na kuzituma kwa simu, kwa anwani ya barua pepe ya biashara. Sasisho lilipokamilika usiku, kesho yake barua ziliendelea kuingia kama kawaida, ila hakuna hata moja iliyotoka. Nilizitazama nne zikiwa zimepangana katika Kikasha Toezi, mahali barua husubiri kutumwa, kila moja na kiduara chake kinachozunguka, kisha ukatokea ujumbe kwamba seva ya kutuma barua imekataa kuunganishwa. Nilidhani bando limekwisha. Nikanunua jingine, hali ikabaki ileile.

Kituoni nilihudumiwa na kijana ambaye hakuniinulia hata uso. Sijamaliza kueleza, simu ilikuwa tayari mkononi mwake. "Mama, hiyo ni kawaida ya sasisho. Tukifuta kila kitu itakaa sawa." Ule ujumbe wa kosa, ambao ndio uliokuwa na jibu, hakuusoma. Nilimwuliza mara mbili kama barua zangu zitasalimika, naye akajibu, kidole gumba kikielea juu ya kitufe cha kufuta, kwamba barua zote zipo mtandaoni na zitarudi nikiingiza nenosiri. Nikamwamini, kwa kuwa fundi ni yeye.

Zilizopokelewa zilirudi kweli, maana akaunti yangu ni ya IMAP, yaani mpangilio ambao nakala za barua hukaa kwenye seva, kompyuta ya mtoa huduma. Lakini barua iliyokwama katika Kikasha Toezi haijafika kwenye seva yoyote; imo ndani ya simu peke yake, na simu ikifutwa, nayo imekwenda. Mtu aliyewekwa mezani kuhudumia simu za watu anapaswa kulijua hilo kabla ya jambo jingine lolote. Kinachoniuma zaidi ni kwamba tatizo halikuondoka, kwa sababu akaunti aliiweka upya kwa mipangilio ileile ya zamani, na barua ya majaribio ikagoma palepale, mbele yake.

Aliyenitoa matatani ni fundi anayetuhifadhia tovuti. Aliniomba nimsomee maneno ya kwenye skrini, neno kwa neno, kisha akanielekeza kwenye mipangilio ya barua zinazotoka: mlango, yaani namba ya njia ambayo simu huunganishwa nayo na seva, ulikuwa 25, bila usimbaji wowote wa kuficha maandishi yasisomwe njiani. Tukaweka 587, tukachagua TLS, ambayo ndiyo njia ya usimbaji, tukawasha sehemu ya kuthibitisha kwa nenosiri. Hazikupita dakika tano, barua ikatoka.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema simu yenyewe ni mbovu. Haki itendeke: si mbovu, na kama mfumo mpya umekataa kupeleka barua zangu wazi mtandaoni, umenilinda. Hata kijana yule, pengine ameagizwa amfanyie hivyo kila mteja, na foleni siku ile ilifika mlangoni. Nilikuwa karibu kusema kituo kile nakipa nafasi ya pili.

Lakini usiku ule niliketi na daftari la vipimo, nikaziandika upya profoma zote nne, na asubuhi shule moja ikanijibu kwa upole kwamba ilisubiri, haikuona kitu, ikampa kazi fundi mwingine. Niliporudi kituoni kumweleza kijana, alisema "pole, mama" huku akimpungia mkono mteja aliyefuata asogee. Nafasi hiyo ya pili naiondoa.