Kamusi ya Cambridge ya mtandaoni na Kiingereza cha kugombezana

Bosi akisema "she tore a strip off him", hakuna aliyechaniwa shati. Mtu kafokewa, tena vikali. Misemo ya namna hii huwakwamisha Waswahili wengi wanaofanya kazi kwa Kiingereza hapa Kampala, na programu za kutafsiri mara nyingi huigeuza neno kwa neno ikapotea kabisa. Kwa kazi hii kamusi ya bure ya Cambridge inazishinda mbali, mradi ujue kuitafutia.

Andika kitenzi katika umbo la msingi, "tear" badala ya "tore", na uache jina la mtu. Ukikwama, weka maneno yenye uzito tu, mathalani "riot act", kisha chagua kwenye orodha inayojitokeza.

Ukishafika, usikimbilie maana. Soma kwanza alama ndogo zinazoitangulia. Zitakwambia kwamba "chew out", yaani kumfokea mtu, ni ya Wamarekani na "tear a strip off" ni ya Waingereza, na kwamba zote ni za mazungumzo, hazifai barua ya kazi. "Bollocking", yaani karipio kali, nayo ni lugha chafu. Utaisikia kwa fundi Mwingereza, lakini ukiitamka mbele ya meneja wa hoteli, atakayefokewa ni wewe.

Kasoro kubwa ni kwamba maelezo yanafanana mno: karibu kila msemo unaambiwa ni kusema na mtu kwa hasira. Kiswahili kinatofautisha vizuri zaidi. "Bite someone's head off" ni kumwakia mtu aliyeuliza jambo dogo tu, na kosa mara nyingi ni la mwenye hasira. "Jump down someone's throat" ni kumjia juu mtu ghafla kwa jambo alilosema. "Give someone a piece of your mind" ni kumpa vidonge vyake, na hata mdogo anaweza kumpa mkubwa. "Dressing-down" hairuhusu hivyo. Hilo ni karipio la mkubwa kwa aliye chini yake. "Read the riot act" ni kukaripia pamoja na onyo la kuacha mara moja. Msemo huo unatokana na sheria ya Uingereza ya 1714: ofisa aliusomea umati wa watu 12 au zaidi tangazo, na wasipotawanyika ndani ya saa moja waliadhibiwa vikali.

Kuna mtego mwingine, na huu ni wa hapa hapa. Kiingereza cha Uganda husema "he quarrelled me" kwa maana ya alinigombeza. Cambridge haitakupa matumizi hayo. Kwao "quarrel" ni ugomvi wa pande mbili, na huhitaji "with". Sema "he told me off". "Abuse" ni hatari zaidi. Hapa ni kutukana, lakini ofisa mgeni akiisoma kwenye malalamiko yako huenda akaelewa ukatili au dhuluma, na kesi ikabadilika. Kama ulitukanwa, andika "he insulted me".

Ukurasa una matangazo yanayokula bando, hivyo tafuta misemo kadhaa kwa mpigo ukiwa na waifai. Bonyeza pia alama ya spika kwenye neno: sauti ya Uingereza na ya Marekani zimewekwa mbalimbali, na kwa aliyezoea matamshi ya Kampala tofauti ni kubwa.