Kozi ya awali ya saikolojia mtandaoni: nyota tatu na nusu kutoka Bahi

Ni kozi ya chuo kimoja cha Marekani, ya kujisomea: video fupi fupi, maswali kila mwisho wa mada, mtihani mwishoni. Kusoma ni bure. Cheti ndicho cha kulipia, tena kwa dola, nami nimekiacha hukohuko. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na cheti hicho hakinipandishi daraja.

Kila anayeniuliza huanza na bando. Usitazame video moja kwa moja, utafilisika. Jumamosi nikienda mjini Dodoma nilikuwa naketi kwenye mgahawa wenye waifai, naagiza chai na chapati, napakua mada za wiki nzima. Na uwashe maandishi ya chini, maana mhadhiri anakimbia kama treni ya SGR.

Majirani wakisikia saikolojia wanauliza nahamia lini Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kumbe magonjwa ya akili ni mada moja tu, tena ya mwishoni. Sehemu kubwa ni jinsi mtu wa kawaida anavyoona, anavyojifunza na anavyosahau.

Hapo kwenye kusahau ndipo nilipopata faida. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijikaririsha silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: saa moja tu ikipita, kuzijua tena kulimtaka zaidi ya nusu ya kazi ya mwanzo. Dawa ya kusahau ni kurudia kwa vipindi na kujiuliza maswali, si kusoma daftari lilelile mara kumi usiku mmoja. Sasa Darasa la Sita wangu hawaanzi somo jipya kabla ya kujibu maswali ya jana, daftari zikiwa zimefungwa. Wananilalamikia, lakini majibu yanakuja.

Kilichoniudhi ni jaribio la mwanasaikolojia Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford: mtoto anapewa peremende, akivumilia bila kuila anaongezewa ya pili. Nikamjaribu mpwa wangu kwa ubuyu. Akaula palepale, akanijibu, "Shangazi, nikisubiri Juma atakula." Kwa nyumba ya watoto saba hiyo ni akili, si ukosefu wa subira! Kozi inasimulia kwamba waliovumilia ndio waliofanikiwa zaidi ukubwani, kana kwamba mjadala umekwisha, ilhali mwaka 2018 watafiti walilirudia kwa watoto zaidi ya 900, na walipozingatia hali ya nyumbani, uhusiano wa kuvumilia na mafanikio ya baadaye ukabaki mdogo sana. Video ni za zamani, hazijaguswa.

Mada ya takwimu nayo inapitiwa harakaharaka, na hakuna mwalimu wa kumuuliza. Mimi aliniokoa kijana wa jirani anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), aliyekuwa likizo. Usipokuwa na mtu wa namna hiyo, mada hiyo iruke kwanza, uirudie baada ya ile ya kumbukumbu.

Walimu wenzangu, ichukueni. Anayetafuta cheti cha kuombea kazi asipoteze dola zake.