Mashine ya presha ya Bluetooth kwa makao ya wazee: nunua, ila daftari lisitupwe

Kwa makao ya wazee ya Kampala au Entebbe, kipima presha cha mkono kinachotuma namba kwenye simu kina thamani, maana kinachosaidia si kipimo kimoja bali mfululizo wake. Mzee apumzike dakika 5, mgongo umeegemea, kitambaa cha mashine kinachofungwa mkononi kiwe kwenye ngozi tupu, usawa wa moyo. Pima mara 2. Kisha asimame, upime tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, huyo yuko hatarini kuanguka akienda msalani usiku. Daktari azione namba hizo kabla dawa za mzee hazijabadilishwa.

Kasoro zipo, ndiyo maana daftari la kuandikia vipimo libaki. Kitambaa cha kwenye boksi mara nyingi ni cha mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene ukibanwa humo, presha husoma juu kuliko ilivyo. Betri zikiisha, saa ya mashine nyingi hupotea na vipimo huingia tarehe ya uongo. Nyingine zina kumbukumbu za watu 2 tu, basi jajja (bibi au babu) wa chumba cha 3 anarithi presha ya jirani! Ridhaa ya mzee nayo iandikwe: sheria ya Uganda ya 2019 ya ulinzi wa data na faragha inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee.