TAHADHARI: Miksa ya bafu uliyoishika kaunta siyo utakayokwenda nayo nyumbani

Ndugu zangu mnaojenga au kukarabati, someni hili kabla hamjaenda Kariakoo kununua mabomba ya bafu.

Mwezi uliopita nilikwenda kununua miksa ya shawa (bomba linalochanganya maji ya moto na baridi) ya bafu la mama. Muuzaji akanipa ile ya kaunta niishike: nzito, nyuzi zake za kukazia njano, shaba kabisa. Tukapatana 95,000/=. Nilipolipa akamtuma kijana stoo, akarudi na boksi limezungushiwa selotepu. "Chukua hii mpya, ile imeshikwashikwa na watu." Picha ya kwenye boksi ilikuwa ileile. Sikufungua.

Fundi akafunga, maji yakatoka vizuri. Wiki ya tatu, usiku, shingo ya upande wa maji ya moto ikakatikia ukutani. Mama yuko peke yake, ana miaka 71, na koki kuu iko nje kwenye simtanki. Mpaka jirani anafika kuifunga, maji yameshaingia chumbani na godoro limelowa. Kipande chenye nyuzi kilibaki ndani ya kiwiko cha bomba la plastiki (PPR), ikabidi fundi avunje tailizi nne ili akitoe. Tailizi za rangi ile nimezitafuta, sijazipata.

Kile kipande ni cha kijivu, ukikikwangua kwa kucha kinamomonyoka. Ni zinki iliyopakwa kroomu. Ikiwa inang'aa dukani, kwa macho huwezi kuijua. Msidanganywe na kupima kwa sumaku, maana sumaku hainasi kwenye zinki wala kwenye shaba. Itakuonyesha chuma tu. Fungua boksi lilelile utakaloondoka nalo. Shika miksa hiyo mkono mmoja, ya kaunta mkono wa pili, sikilizia uzito. Kisha kwaruza nyuzi kwa ncha ya ufunguo, pale patakapofunikwa na tepu ya fundi wakati wa kufunga. Ukiona njano, ni shaba. Ukiona kijivu, iache. Muuzaji akikukatalia, mwambie akuuzie hiyohiyo iliyoshikwashikwa.

Nilirudi dukani. Nikaambiwa mali ikishatoka hairudi, na kwamba fundi wangu amekaza kupita kiasi. Kweli fundi anaweza kuvunja kwa kukaza, lakini shaba haimomonyoki kwa kucha! Wapo mafundi wanaopewa cha juu na maduka ili wakupeleke huko. Wangu simlaumu, dukani nilikwenda mwenyewe.

Kilichoniumiza zaidi ni risiti. Alinipa karatasi ya mkono imeandikwa "vifaa vya bafu", haina jina la duka. Nikienda Tume ya Ushindani, inayolinda walaji, nitaonyesha nini? Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) kabla hujaachia hela, na jina la bidhaa lisomeke humo.

Na ukinunua shawa ya umeme, nakuomba usione aibu kulifungua boksi hata kama foleni inakusubiri. Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24, na mtu anasimama chini yake amelowa mwili mzima. Ukibadilishiwa hiyo, hasara haitakuwa godoro.

Kama yupo aliyeuziwa kwa mtindo huu, hana risiti ya EFD, na bado akarudishiwa hela yake, anieleze alianzia wapi. Kipande ninacho, na boksi ninalo.