Med Safety App: kutuma ni rahisi, kazi iko kwenye tarehe

Med Safety App ni programu ya simu ya kuripoti madhara ya dawa. Ilizaliwa na mradi wa Ulaya uitwao WEB-RADR, na Burkina Faso na Zambia zilianza kuitumia mwaka 2017. Ni ya bure, ipo kwa Android na iPhone. Unachagua nchi, ripoti inakwenda kwa mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, na kutoka huko inaweza kufika VigiBase, hazina ya Shirika la Afya Duniani inayotunzwa Uppsala, Uswidi. Hapa tunaipima kwa kazi moja: mzio mkali wa dawa.

Sifa yake kubwa ni kwamba mtandao ukikatika unaendelea kujaza, ukirudi unatuma. Fomu ya karatasi hulala kwenye droo mpaka msimamizi apite, na mara nyingi ikifika haisomeki.

Kwa mzio wa ghafla, simu ikae mfukoni kwanza. Mgonjwa aliyechomwa penisilini, akabanwa pumzi na presha kushuka, anataka adrenalini ya 1:1000, mililita 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje, irudiwe baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Ripoti yake baadaye ni nyepesi: dawa moja, dakika chache, mshukiwa (dawa inayodhaniwa kuleta madhara) anajulikana.

Programu inaelemewa na mzio wa ngozi unaochelewa. Stevens-Johnson, mzio mkali wa malengelenge na ngozi kubanduka, kwa kawaida hutokea siku 4 hadi 28 tangu dawa ianzwe. Ule unaoitwa DRESS, upele wenye homa unaodhuru pia viungo vya ndani, wiki 2 hadi 8. Kwa Stevens-Johnson, mara nyingi homa na macho mekundu hutangulia malengelenge. Mgonjwa anameza parasetamoli kwa ajili ya homa hiyo, kesho yake ngozi inabanduka, na mjazaji anaandika parasetamoli. Septrini (dawa yenye salfa) iliyoanzwa wiki tatu nyuma haitajwi kabisa. Programu ina nafasi ya tarehe ya kuanza kila dawa, lakini haitakukumbusha kurudi nyuma kiasi hicho. Orodhesha kila kilichomezwa katika wiki 8 kabla ya dalili, dawa za miti shamba zikiwemo, na umuulize mgonjwa hasa kuhusu septrini, nevirapini (ya VVU), karbamazepini, fenitoini na lamotrijini (za kifafa) na alopurinoli (ya jongo). Anayeanza dawa za VVU pamoja na septrini siku moja ana washukiwa wawili; waandike wote wawili, usimchague mmoja.

Kwenye sehemu ya dalili, neno "upele" peke yake halifai kitu. Taja vidonda vya mdomo, macho na sehemu za siri, na kadiria ngozi iliyobanduka: chini ya asilimia 10 ni Stevens-Johnson, zaidi ya 30 ni TEN (aina kali zaidi ya ugonjwa huohuo), katikati ni mchanganyiko. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole ni kama asilimia 1.

Namba ya toleo ("batch number" ya kiwandani) nayo hupotea vidonge vikiuzwa vya kuhesabu kwenye bahasha. Bila namba hiyo, wagonjwa kadhaa wakidhurika, ni vigumu kujua kama kosa ni la dawa yenyewe au la shehena moja mbovu.

Fungua akaunti, usijaze kama mgeni. Siku ya kwanza hujui mgonjwa atapona, atapoteza uwezo wa kuona au atafariki, na mwenye akaunti anaweza kuirudia ripoti yake kuongeza matokeo. Usisubiri uhakika pia: mgonjwa anayetambulika, mtoa ripoti, dawa inayoshukiwa na dalili vinatosha kutuma.

Upungufu tunaoulalamikia zaidi ni kwamba mgonjwa mwenyewe haondoki na chochote. Mamlaka inajua, yeye akienda duka lingine anapewa salfa ileile. Mpaka hilo lirekebishwe, kata kipande cha karatasi ngumu, andika jina halisi la dawa (siyo la kibiashara pekee), dalili na tarehe, kisha andika hayo hayo juu ya jalada la faili lake.