Modafinil ya jeneriki 200mg kwa sisi wa zamu za usiku, nyota 4 kati ya 5

Jamani mmeniuliza sana kanisani kuhusu hii dawa ya kuzuia usingizi, ile ya jeneriki (nakala ya bei nafuu), naandika mara moja basi. Niko huku Marekani, nafanya kazi nyumba ya wazee saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi, na ile saa kumi alfajiri ilikuwa inanimaliza kabisa, nimeshika chati ya mgonjwa nasoma mstari mmoja mara nne kope zinashuka zenyewe. Daktari akanipima akaniandikia hii. Nameza kimoja saa nne, lisaa kabla ya kazi, na kweli macho yanakaa wazi bila ile mitetemo ya kahawa. Nyota moja nimekata sababu wiki ya kwanza kichwa kiligonga vibaya, na akina dada mjue inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, mwambieni daktari mapema.

Sasa bei, hapo ndio nacheka. Kidonge kilitoka maabara ya Lafon Ufaransa, kampuni ya Cephalon wakakiuza huku kwa jina la Provigil, 1998 kikaruhusiwa kwa wenye narkolepsi (wale wa kusinzia mchana ghafla), 2004 tukaongezwa na sisi wa zamu. Dawa ileile kazi mpya. Sheria inakubali kazi mpya ipewe patenti (haki ya kuuza peke yako, bila mshindani wa kushusha bei), mradi isiwe kitu ambacho mtaalamu yeyote angekifikia bila jasho, na mimi nauliza tu, dawa inayomzuia mgonjwa asisinzie si ungeijaribu kwa mlinzi wa usiku? Ila patenti waliyoing'ang'ania wala haikuwa ya matumizi, ilikuwa ya ukubwa wa chembe, asilimia 95 ziwe chini ya maikroni 200 (moja ya tano ya milimita). Wamesaga laini, basi! Bibi yangu alichekecha unga mara mbili kila siku na hakuna aliyemwita mvumbuzi wa mahindi. 2011 jaji wa Pennsylvania akaitupa, akasema jambo lilikuwa wazi na tena kazi yenyewe ni ya wale Wafaransa. Kumbe FTC (wasimamizi wa ushindani wa biashara wa serikali ya huku) walishawashtaki Cephalon tangu 2008 kwamba wamezilipa kampuni nne za jeneriki zisubiri mpaka 2012, kesi ikaisha 2015 kwa malipo ya dola bilioni 1.2.

Kwa hiyo dirishani ulizeni jeneriki. Bima yangu iligoma mwanzo mpaka daktari akaandika barua. Na siku za ofu bado nalala mpaka saa nane mchana, deni la usingizi hiki kidonge hakiligusi.